Dawa ya kufungua mishipa ya miguu: kidonge kipi hufanya kazi gani

Simama kwenye kaunta ya duka la dawa lolote Mtwara mjini asubuhi, wazee wanapotoka sokoni, na hutakaa sana kabla hujasikia ombi hili: "Mwanangu, nipatie ile dawa ya kufungua mishipa, miguu imenigomea." Muuzaji mmoja atatoa vitamini za neva, mwingine atatoa za maumivu, na wa tatu, mwenye kujali, atauliza kama mzee ana cheti cha daktari. Tatizo limo kwenye ombi lenyewe. Kidonge cha kufungua ateri ya mguu, yaani mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, iliyoziba polepole kwa miaka, hakipo. Hakipo Mtwara, hakipo Dar es Salaam, hakipo hata India wanakopelekwa wenye uwezo.

Zipo dawa, tena zenye faida kubwa, ila kila moja ina kazi yake. Na hapa ndipo watu wengi wanapoumia: dawa inayomkinga mgonjwa asikatwe mguu au asipate kiharusi haimpi nafuu yoyote ya kuisikia mguuni, kwa hiyo ndiyo inayoachwa mapema. Inayomletea joto joto mwilini, ambayo huenda haina maana yoyote kwa ugonjwa wake, ndiyo anayoendelea kuinunua.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia mguu gani. Huku Kusini tuna sababu ya ziada ya kuchanganya mambo, kwa kuwa Lindi na Mtwara zimeishi na matende na mabusha kwa vizazi. Mguu wa matende huvimba na ngozi yake hukakamaa, na kilichoharibika ni mishipa ya limfu, kwa sababu ya minyoo wanaoenezwa na mbu. Vidonge vya ivermektini na albendazoli vya kingatiba ya matende vililenga minyoo hiyo, havihusiani na ateri. Mguu ambao mishipa yake ya vena, ile inayorudisha damu moyoni, imelegea nao huvimba, hasa jioni, na hupata nafuu ukiinuliwa juu ya mto. Neva zikiharibiwa na sukari, miguu huwaka moto au kufa ganzi, hata mtu akiwa amelala tu kitandani.

Mguu uliokosa damu ya kutosha una tabia yake. Mtu akikaa barazani hauumi. Akitembea nguzo tatu za umeme, kigimbi kinakaza na kuuma mpaka asimame. Dakika chache tu, maumivu yanaisha kabisa, naye anaendelea nguzo tatu nyingine. Umbali haubadilikibadiliki sana kwenye njia ile ile, ila kwenye mchanga wa ufukwe wa Shangani au mpandoni kuelekea Boma la Mikindani atasimama mapema zaidi, kwa kuwa huko misuli inadai damu nyingi kuliko kwenye lami. Wazee wengi wana ujanja wa kuficha: wanasimama na kujifanya wanasalimiana na mtu, au wanaulizia bei ya samaki ingawa hawana nia ya kuwanunua. Wapo pia wasiopata maumivu haya kabisa, hasa wenye kisukari cha muda mrefu ambao ganzi imewanyang'anya onyo, na wale ambao hawatembei vya kutosha kuufikisha mguu kwenye maumivu.

Kinachotokea ndani ni kwamba ukuta wa ateri umejengeka utando wa mafuta, seli na chokaa. Sigara, kisukari, presha ya juu na lehemu (kolesteroli) nyingi kwenye damu ndivyo visababishi vikuu, na kati ya hivyo, sigara na kisukari ndivyo vinavyoionea zaidi miguu. Hesabu ya mtiririko ni katili: kwenye mrija laini, kipenyo kikipungua nusu huku shinikizo likibaki lile lile, kinachopita kinabaki sehemu moja tu kati ya 16. Mguu hauozi siku hiyo hiyo kwa sababu mwili hupanua vijia vya pembeni vinavyozunguka sehemu iliyoziba. Vijia hivyo vinatosha mtu akiwa amekaa. Akitembea, havitoshi.

Sasa, wazo la kwanza linalomjia yeyote ni dawa ya kutanua mishipa. Linaingia akilini kabisa, na madaktari walilijaribu kwa miaka mingi katika karne iliyopita kwa dawa za aina nyingi. Halikuleta matunda, na sababu inafaa kueleweka, kwa maana ndiyo inayotenganisha tiba na biashara. Misuli iliyokosa damu tayari imetanua mishipa yake midogo hadi mwisho. Hakuna kilichobaki cha kutanua. Sehemu iliyoziba nayo ni ngumu, haitanuki kwa kidonge. Mishipa inayoitikia dawa ni ile mizima, ya ngozi na ya sehemu nyingine za mwili. Ni kama bomba kuu la maji limebanwa kabla ya kufika mtaani, halafu ukawaambia wote walioko juu ya pale lilipobanwa wafungue koki zao mpaka mwisho: wa mwisho kwenye laini atapata maji machache kuliko jana. Mgonjwa ataona ngozi imepata joto na uso umewaka, atasema dawa inafanya kazi, na nguzo zake zitabaki tatu.

Baada ya hapo zikaja dawa za namna nyingine. Pentoksifilini iliidhinishwa Marekani mwaka 1984 kwa maelezo kwamba inafanya chembe nyekundu za damu zikunjike kwa urahisi na kuipunguza damu uzito. Kwa miaka mingi ndiyo iliyoandikwa kwenye vyeti. Kisha mwaka 2000 ukatoka utafiti uliowapa wagonjwa wengine pentoksifilini, wengine silostazoli, wengine vidonge visivyo na dawa ndani. Waliomeza pentoksifilini hawakuwazidi waliomeza vidonge vitupu. Miongozo ya madaktari wa moyo na mishipa wa Marekani haiipendekezi tena kwa maumivu ya kutembea. Ukiikuta kwenye cheti chako, si dhambi kumuuliza daktari kwa upole ameiandika kwa lengo gani.

Silostazoli ndiyo iliyosimama. Ilitengenezwa Japani, ikaanza kutumika huko mwaka 1988, na Marekani wakaipitisha mwaka 1999. Huzuia kimeng'enya kimoja ndani ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na ndani ya misuli ya ukuta wa mishipa, ili chembe zisigandane ovyo na mishipa ilegee kidogo. Namna hasa inavyomwongezea mtu mwendo bado ina ubishi, ila inamwongezea. Kiasi gani? Tafiti zikijumlishwa pamoja, wastani ni kama mita 40 zaidi ya vidonge vitupu. Nguzo moja hivi ya ziada. Kwa mtu ambaye nguzo hiyo ndiyo inamfikisha msikitini bila kusimama, si kidogo. Kwa aliyetarajia kurudi shambani kwake Tandahimba kupalilia mikorosho mchana kutwa, ni kidogo mno, na ni haki yake kuambiwa hivyo kabla hajatoa hela.

Kipimo chake cha kawaida ni miligramu 100 asubuhi na jioni, tumbo likiwa tupu: nusu saa kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Haifanyi kazi siku ya kwanza. Mgonjwa hupewa wiki kadhaa, kwa kawaida miezi mitatu, na asipoona tofauti huachishwa. Karibu mtu mmoja kati ya watatu huumwa kichwa. Wengine huharisha, wengine moyo huwaenda mbio. Lakini onyo kubwa ni hili: mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu, ambao mitaani tunasema moyo umepanuka au umejaa maji, haruhusiwi kuimeza hata kidonge kimoja. Dawa za ukoo wake ziliwahi kuongeza vifo kwa wagonjwa wa aina hiyo, na hakuna aliye tayari kurudia jaribio hilo. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliibana zaidi, ikielekeza kwamba wapewe wale tu ambao kuacha sigara na mazoezi havikuwasaidia.

Kuna jambo dogo ambalo mtaani ni kubwa. Omeprazoli, kidonge cha vidonda vya tumbo ambacho karibu kila nyumba ina mabaki yake kabatini, huifanya silostazoli ikae mwilini kwa wingi zaidi. Eritromaisini nayo vivyo hivyo, pamoja na baadhi ya dawa za fangasi na za presha. Daktari akijua, atapunguza kipimo hadi miligramu 50. Asipojua, mgonjwa ataumwa kichwa, atahisi mapigo ya moyo, atailaumu dawa na kuitupa. Kwa hiyo unapokwenda kliniki, beba mfuko mzima wa dawa zako, hata zile ulizopewa na shemeji.

Waingereza walichagua njia tofauti. Mwaka 2011 chombo chao cha kupima thamani ya tiba kilipendekeza naftidrofurili na kuziacha silostazoli na pentoksifilini, kwa kulinganisha gharama na faida. Marekani, naftidrofurili haijawahi kuidhinishwa. Ugonjwa ni mmoja, nchi mbili zenye wataalamu wa kutosha, na majibu mawili. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaorudi kutoka nje na cheti kisichofanana na cha hapa, wakadhani mmoja wa madaktari ni tapeli.

Hizo zote, hata zikifanya kazi vizuri, ni za mwendo tu. Hakuna hata moja ambayo imethibitika kumwongezea mgonjwa huyu maisha. Na mgonjwa huyu, hata kama anayemsumbua ni mguu, mara nyingi hauawi na mguu. Uchafu uliojengeka kwenye ateri ya paja umejengeka pia kwenye ateri za moyo na za shingo. Mguu ndio uliosema kwanza.

Ndiyo maana mzee anatoka kliniki na dawa asizozielewa. Ameenda kulalamikia kigimbi, amepewa statini ya lehemu, na kidonge kidogo cha aspirini au klopidogreli.

"Daktari, mimi nimesema mguu. Hii ya mafuta ya nini? Mwili wenyewe huu, nina mafuta gani?"

"Shikamoo tena mzee wangu. Mafuta haya hayaonekani kwa macho, na hata mwembamba anayo. Hii si ya mguu peke yake. Ni ili usianguke na kiharusi."

Mazungumzo ya namna hiyo yakikosekana, vidonge vinaishia dirishani. Yafaa mgonjwa ajue uzito wa anachokiacha. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka mwaka 2002, wenye washiriki zaidi ya 20,000, ulitumia simvastatini miligramu 40 kila siku, na walioitumia walipungukiwa mashambulio ya moyo, viharusi na upasuaji wa mishipa kwa karibu robo. Maelfu kati yao walikuwa na ugonjwa huu wa mishipa ya miguu, na walifaidika hata wale ambao lehemu yao haikuwa juu. Kwa hiyo jibu la "vipimo vyangu vya mafuta viko sawa" halitoshi kuiacha statini.

Kwa upande wa kuzuia damu isigande, utafiti uliochapishwa mwaka 1996 uliipambanisha klopidogreli miligramu 75 na aspirini kwa watu zaidi ya 19,000. Klopidogreli iliizidi kidogo kwa jumla, na tofauti ilionekana wazi zaidi kwa kundi la wenye ugonjwa wa miguu. Aspirini bado inatumika sana, nadhani kwa sababu ni rahisi na ipo kila mahali. Ambacho hakifai ni mtu kujiongezea aspirini ya maumivu ya kichwa juu ya ile ya daktari, au kuchanganya na diklofenaki ya magoti, halafu siku moja apate choo cheusi kama lami kwa sababu tumbo linavuja damu.

Jipya zaidi katika kundi hili ni rivaroksabani kwa kipimo kidogo sana, miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, pamoja na aspirini. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa wenye mishipa ya miguu iliyoziba, mchanganyiko huo ulipunguza matukio mabaya ya mguu, kukatwa kukiwamo, kwa karibu nusu ukilinganisha na aspirini peke yake. Gharama yake ni kutokwa damu zaidi. Si dawa ya kununua kwa kuambiwa na jirani, na aliyewahi kuvuja damu kichwani au tumboni huenda asiruhusiwe kabisa. Mwaka 2025 nao ulileta habari ya semaglutidi, sindano ya kisukari ya mara moja kwa wiki, ambayo kwa wenye kisukari cha aina ya pili na ugonjwa huu iliongeza umbali wa kutembea baada ya mwaka mmoja. Inatia moyo, ingawa kwa mfuko wa kawaida wa Masasi au Nachingwea bado ni habari ya kusoma tu.

Nimeacha kwa makusudi dawa moja ambayo huzizidi za kidonge kwa mwendo. Ni kutembea kwenyewe, kwa kipimo. Katika tafiti zilizosimamia mazoezi haya, wagonjwa walitembea dakika 30 hadi 45, mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu angalau. Namna yake ni kwamba unatembea mpaka kigimbi kiume hasa, unasimama mpaka kitulie, unaanza tena, mpaka muda utimie. Maumivu haya hayaharibu mguu, na mgonjwa asipoambiwa hivyo atajilaza, kwa sababu kila mtu nyumbani anamwambia "pumzika, babu." Misuli hujifunza kutumia vizuri damu kidogo inayoipata, na mwendo unaongezeka kuliko ule unaoletwa na silostazoli. Asubuhi kabla jua la Mtwara halijapanda ndio wakati wake, viatu vikiwa vya kufunika vidole. Isipokuwa kama una kidonda mguuni au maumivu ya usiku: hapo usianze kabla hujaonwa.

Na sigara. Kuvuta huku unameza silostazoli ni kuchota maji na mtungi uliotoboka, na ugoro hautoi tumbaku mwilini, unaiingiza kwa mlango mwingine.

Kabla ya yote hayo, lakini, mtu apimwe. Kipimo chenyewe hakitishi. Mgonjwa analala chali dakika kadhaa. Muuguzi anafunga ule mkanda wa presha mkononi, anapaka jeli kidogo, anaweka kalamu ya dopla, kifaa kinachosikilizisha damu inavyopita, na chumba kinasikia mapigo, shua, shua, shua. Anapandisha mkanda mpaka sauti ikatike, anaushusha taratibu, na namba ambayo sauti inarudi anaiandika. Kisha anahamia kwenye kifundo cha mguu na kurudia pale juu ya unyayo, halafu nyuma ya fundo la ndani. Tuseme mkononi imetoka 140 na mguuni 84. Unagawa 84 kwa 140, unapata 0.6. Kuanzia 1.0 hadi 1.4 ni kawaida, 0.9 kushuka chini ni ugonjwa, na ikifika chini ya 0.4 hali ni mbaya. Mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza kutoka na 1.5, akafurahi bure. Ateri zake zimekuwa ngumu kwa chokaa kiasi kwamba mkanda haukuweza kuzibana, na huyo anatakiwa kupimwa kwenye kidole gumba cha mguu.

Kituo kisicho na dopla bado kina mikono na macho. Mapigo juu ya wayo hushikwa kwa vidole viwili kwenye mstari wa kati ya kidole gumba na cha pili. Mguu ukiinuliwa juu dakika moja, unyayo unapauka. Ukiteremshwa, unakawia kurudi rangi kisha unaiva wekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi tazama unyayo na kucha, juu ya mguu patakudanganya. Vinyweleo vya mguu vikiwa vimepukutika na ngozi imekuwa nyembamba inayong'aa, andika rufaa kwenda hospitali ya Ligula ya Mtwara, Sokoine ya Lindi au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo.

Mambo mawili ya nyumbani yaachwe. La kwanza ni kuukanda mguu kwa maji ya moto au kuusogeza jikoni kwenye mkaa ili "damu itembee". Mguu wenye ganzi hauhisi kuungua, na ngozi isiyo na damu haiponi ikishaungua. La pili ni soksi za kubana, ambazo ni tiba nzuri kwa mguu wa vena, lakini kwenye mguu wa ateri iliyoziba zinaweza kuua ngozi. Ndiyo sababu kujua ni mguu gani kunatangulia kununua chochote.

Kuna hatua ambayo vidonge vya mwendo havina nafasi tena. Mgonjwa anaamshwa usiku na maumivu ya vidole, ananing'iniza mguu chini ya kitanda ndipo apate usingizi, au ana kidonda kidoleni kisichofunga kwa wiki, au kidole kimeanza kuwa cheusi. Huyo anahitaji mtaalamu wa mishipa: kutanuliwa ateri kwa puto, au kuungiwa njia mpya ya damu kwa upasuaji. Mara nyingi maana yake ni safari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na kila wiki inayopotea kwenye poda na majani ya kubandika inaondoa sentimita za mguu unaoweza kuokolewa. Na mguu ukipoa ghafla, ukauma vikali, ukapauka na kufa ganzi ndani ya saa moja au mbili, huenda damu imeganda na kuziba njia yote. Misuli huvumilia takriban saa sita. Hapo hakuna kusubiri kliniki ya Jumatatu: ni hospitali ya rufaa usiku huo huo, mguu ukiwa umefunikwa kwa shuka kavu, bila maji ya moto, bila kuchua.